Tahadhari: anayejiita afisa udahili anawalipisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza vyumba na usajili wa kozi

Ninawaandikia wanafunzi waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu vya hapa Tanzania, pamoja na wazazi na walezi wao, kwa sababu mdogo wangu wa kike ametapeliwa shilingi 310,000 wiki mbili kabla ya chuo chake kufunguliwa, na aliyemtapeli bado anaendelea na kazi hiyo katika makundi mengine ya WhatsApp.

Sote tumeshauzoea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wengi wetu tunaucheka. Huyu si wa aina hiyo. Mara tu majina ya waliochaguliwa yalipotangazwa alifungua kundi lenye jina na nembo ya chuo, akasambaza kiungo chake, na kwa siku kumi nzima hakumwomba mtu hata senti moja. Kazi yake ilikuwa kujibu maswali, hata saa tano usiku: kwamba vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita viambatane na nakala zake, kwamba fomu ya uchunguzi wa afya ijazwe na kugongwa muhuri hospitalini kabla ya safari, kwamba wiki ya mafunzo elekezi si ya kukosa kwa kuwa ndiyo wiki ya usajili. Yote hayo yalikuwa sahihi, kwani aliyanakili kutoka katika maelekezo ya kujiunga ambayo chuo chenyewe kilikuwa kimeyaweka kwenye tovuti yake. Mdogo wangu alikuwa nayo kwenye simu, ila hakuyasoma hadi mwisho. Alikwisha kupata mtu mpole wa kumsomea.

Siku ya kumi na moja akamtumia ujumbe wa faragha, akimpongeza na kumwita "mdogo wangu". Alimweleza kwamba vyumba vya hosteli vilikuwa vimebaki vichache, na kwamba kwa shilingi 250,000 angemshikia kimoja na kumkamilishia usajili asipange foleni. Alimwambia pia kwamba kozi za hiari hujaa mapema, kwa hiyo aongeze shilingi 60,000 asajiliwe kabla ya wenzake. Mdogo wangu, ambaye si mjinga, aliuliza namba ya kumbukumbu ya malipo iko wapi. Akajibiwa kwamba mfumo umelemewa na wanafunzi wengi, hivyo kwa siku hizo mbili malipo yanapokelewa kwenye simu ya mhasibu. Baada ya kulipa alipokea stakabadhi yenye nembo na namba ya tarakimu 12, kisha akaombwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne na nywila ya akaunti yake ya mwanafunzi ili kozi zisajiliwe. Akavitoa vyote viwili.

Siku ya usajili karani aliitafuta namba ile katika mfumo wa malipo na hakuiona. Ankara ya mdogo wangu ilikuwa haijalipwa hata shilingi, na chumba hakuwahi kuombewa.

Fedha hizo zinauma, lakini nywila ndiyo iliyotutesa zaidi. Tapeli alikuwa ameingia katika akaunti akabadilisha namba ya simu na barua pepe, kwa hiyo kila ujumbe wa kurejesha nywila ulikwenda kwake. Ofisi ya kompyuta ya chuo ilichukua siku nne kuthibitisha kwamba mwenye akaunti ni mdogo wangu, na siku hizo zote wenzake walikuwa wakisajili kozi na kuchagua makundi ya semina. Fikiria pia mtu aliyechaguliwa katika chuo zaidi ya kimoja, ambaye hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu au barua pepe yake: mwizi akiwa na njia hizo mbili, anashikilia nafasi yenyewe.

Kwa vyuo vya umma, malipo halali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ambayo mwanafunzi huipata katika akaunti yake mwenyewe, si kwa namba ya simu ya mtu, hata kama mtu huyo anajiita mhasibu. Unapolipa kwa simu, soma jina linalojitokeza kabla ya kuingiza namba ya siri. Likiwa jina la mtu binafsi, acha hapo hapo. Kozi za lazima hupangwa na idara, na za hiari mwanafunzi huzichagua mwenyewe baada ya kupewa mwongozo, bila ada ya pembeni. Nimesikia kwamba mtu huyu huyu anawaahidi wengine kuwaongezea kiwango cha mkopo. Taarifa za mkopo kila mwombaji huziona katika akaunti yake ya SIPA ya Bodi ya Mikopo, na hakuna wa kumtumia fedha ili bumu liongezeke.

Kama umeshampa nywila, ibadilishe sasa hivi kabla hata ya kumpigia simu kumlalamikia, kwa maana mdogo wangu alianza kwa kumpigia na huenda ndipo akaunti ilipofungwa. Kama umeshalipa, wapigie huduma kwa wateja wa mtandao wako kwa namba 100 uombe muamala uzuiwe. Sisi tulichelewa siku tisa, fedha zikawa zimeshatolewa. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda namba 15040, kisha ukatoe taarifa polisi ukiwa na picha za mazungumzo yote, kwa hiyo usifute chochote wala usitoke kwenye kundi kabla ya kuzihifadhi.

Kundi alilolitumia kwetu limebadilishwa jina na sasa lina nembo ya chuo kingine. Maneno ya kukaribisha wageni hayajabadilika hata nukta, na bado yanaanza kwa kuwaomba wanafunzi waandike majina yao kamili na kozi walizochaguliwa.