Rivolva au bastola ya magazini: ipi inamfaa mtu wa Tanga?

Jirani yangu wa Ngamiani anauza nafaka. Ana bastola ya magazini, yaani ile inayobeba risasi katika kisanduku kinachochomekwa kwenye mpini; leseni yake ni halali, na miaka yote hakuwahi kuitoa kwenye sefu ila kuitazama na kuirudisha. Jumamosi moja akataka kuisafisha. Akachomoa magazini, akaiweka mezani, akaridhika kwamba bastola sasa ni tupu. Aina ile huwezi kuifungua bila kwanza kuvuta kifyatulio, naye akavuta. Risasi moja ilikuwa imebaki kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa tayari kufyatuliwa. Ilipita kando ya mguu wake ikazama katika gunia la mchele, na tulikuja kuiokota tulipolimwaga gunia zima sakafuni. Kijana anayepima mchele alikuwa amelikalia gunia hilo asubuhi yote. Saa ile alikuwa ametoka kwenda kuswali adhuhuri.

Mimi nina rivolva, bastola ya silinda inayozunguka yenye matundu ya risasi, nayo ina leseni kwa miaka 12 sasa, na watu huniuliza: wenye maduka, wenye malori, wasimamizi wa mashamba ya mkonge kule Muheza na Korogwe. Swali lao ni lile lile. Rivolva si mambo ya zamani? Kwa nini mtu anunue silaha ya risasi 6 wakati ipo ya risasi 15? Jibu langu linaanzia kwenye lile gunia.

Ila kabla ya yote, karatasi. Silaha Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na njia ya kuipata inapita polisi. Anzia kwao wilayani, uelezwe masharti, ndipo uende dukani. Usitoe hata shilingi ya kianzio kabla hujajua ombi lako limefikia wapi. Na silaha ambayo namba yake haisomeki usiiguse, hata kama anayekuuzia ni mjomba wako wa damu.

Mabishano haya ni ya kale kuliko tunavyodhani. Samuel Colt alipata hataza ya rivolva yake Marekani mwaka 1836. Uingereza ikalipatia jeshi lake rivolva ya Webley mwaka 1887, na Ujerumani ikaona bora Luger, bastola ya magazini, mwaka 1908. Kwa hiyo majeshi hayo mawili yalipopigana hapa Tanga mwezi Novemba 1914, kila upande ulikuwa umeshatoa jibu lake. Polisi wa Marekani walishikilia rivolva kwa miaka mingi baada ya hapo. Kilichowatikisa sana ni mapambano ya Miami ya tarehe 11 Aprili 1986, ambapo maofisa 2 wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, waliuawa na wengine 5 wakajeruhiwa na watu wawili tu. Kujaza rivolva risasi moja moja, mkono ukiwa umeumia, kulionekana siku ile kuwa ni mateso. Mwaka 1993 hata polisi wa New York walianza kuhamia bastola za milimita 9.

Sasa wengi wakisikia hivyo husema basi, polisi wameiacha, nasi tuiache. Hapo ndipo nisipokubaliana nao. Polisi anabeba silaha kila siku ya kazi, anafunzwa kwa gharama ya serikali na anatarajia kukimbizana na watu wenye silaha. Mwenye duka wa Barabara ya 12 silaha yake inalala kwenye sefu wiki baada ya wiki. Anaishika akiihamisha, akiifuta, akiionyesha wakati wa ukaguzi. Hatari yake kubwa kuliko zote iko katika dakika hizo za kuishikashika, nyumbani kwake mwenyewe, watoto wakipita ukumbini. Kwa mtu huyo, sifa ya kwanza ya bastola ni iweze kumwambia kwa macho kama ina risasi au haina.

Rivolva inamwambia. Ukibonyeza kitasa, silinda inatoka pembeni na matundu yote 6 yako mbele yako. Ukisukuma kijiti cha mbele, maganda na risasi zote zinamwagika. Hakuna risasi ya kujificha. Bastola ya magazini inataka hatua mbili zenye mpangilio: magazini itoke kwanza, kisha slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, ivutwe nyuma ili iliyo kwenye chemba iruke. Ukikosea mpangilio, ukavuta slaidi kwanza na kutoa magazini baadaye, umekwishapakia risasi nyingine bila kujua. Anayefanya mazoezi hakosei. Anayeishika mara mbili kwa mwaka atakosea siku moja.

Jambo la pili ni risasi mbovu. Hewa yetu ya bahari haina huruma, na risasi iliyokaa miaka inaweza kugoma. Kwenye rivolva unavuta kifyatulio tena, silinda inazunguka, inakuja nyingine. Kwenye bastola ya magazini itakubidi uvute slaidi, na kwa kawaida utahitaji mikono miwili. Lakini nisiipambe rivolva kupita kiasi. Ikikwama kwelikweli, kwa mfano uchafu ukiingia chini ya kile kinyota kinachosukuma maganda, au risasi ikivimba na kuzuia silinda kuzunguka, hutaitengeneza papo hapo. Pia kifyatulio chake ni kizito: kilo 5 hivi kwa mvuto kamili, wakati cha Glock, bastola ya magazini, ni kama kilo 2 na nusu. Uzito huo hupunguza ajali za kidole, na uzito huo huo ndio unaomfanya asiyezoea apeleke risasi pembeni.

Basi nazipanga hivi, kwa mtu atakayemiliki moja tu.

Ya kwanza: rivolva ya .38 Special, mtutu wa inchi 4, chuma kisichoshika kutu

Hiyo .38 Special ni aina ya risasi inayotumia. Mfano wake mkongwe ni Smith & Wesson Model 10, ambayo ukoo wake unaanzia 1899, na ndugu yake wa chuma kisichoshika kutu ni Model 64, aliyetoka mwaka 1970. Ukiwa karibu na bahari, chukua huyo wa pili. Nimeona silaha nyeusi yenye rangi nzuri ikiwa imeanza vidoa vya kutu baada ya masika moja tu, nyumba iko Raskazone na madirisha yanafunguliwa kutwa nzima kwa ajili ya upepo. Chuma cheupe nacho si cha kusahauliwa, ila kinakusamehe.

Inchi 4 zina sababu. Alama za kulengea za mbele na nyuma ziko mbali kiasi, kwa hiyo jicho linasahihisha kosa la mkono. Uzito wa kilo moja hivi unameza mshtuko. Ruger GP100, iliyotoka mwaka 1985, nayo ni imara sana. Imetengenezwa kwa risasi za .357 Magnum, na hizo rivolva za .357 zinakubali pia .38 Special. Kinyume chake hakifai. Nunua ya .357 ukipenda, lakini fanyia mazoezi na weka nyumbani .38, kwa sababu .357 ina kishindo kinachomfundisha mgeni kufumba macho, na risasi yake ina nguvu zaidi ya kupenya kuta zetu za nyumba zilizobanana.

Kabla hujaichagua, uliza risasi. Muuzaji akisema .38 huletwa mara moja moja, na 9mm ipo wakati wote, hilo ni jambo la kupima kwa uzito wake. Silaha isiyo na risasi za mazoezi ni chuma tu.

Ya pili: bastola ya 9mm ya saizi ya kati

Glock 19, iliyotoka mwaka 1988, ndiyo kipimo cha aina hii: risasi 15, chini ya gramu 700 ikiwa haina risasi, vipuri vinajulikana duniani kote. Risasi yake, 9mm Parabellum, ipo tangu mwaka 1902 na ndiyo inayotumika zaidi kwenye bastola duniani. Ni rahisi kulenga nayo kuliko rivolva, nakiri bila kinyongo. Nimeona mtu aliyeanza mwezi mmoja tu akiweka risasi zake zote ndani ya sahani ya chai.

Kwa nini basi ni ya pili? Kwa sababu inamtaka mtu wa aina fulani. Ikiwa utakwenda kulenga shabaha kila mwezi, mahali palipoidhinishwa, na utarudia hatua za kuitoa risasi mpaka mkono uzijue gizani, hii iwe ya kwanza kwako na rivolva iwe ya pili. Lakini jiulize kwa ukweli. Wengi walioniahidi kwamba watafanya mazoezi hawakufika hata mara tatu.

Tena kuna suala la mikono. Mzee mwenye baridi yabisi anaweza kushindwa kuvuta slaidi, na kifyatulio kizito cha rivolva nacho kikamshinda. Mpeleke mwenyewe dukani ajaribu zote mbili zikiwa tupu. Usimnunulie kwa kukisia.

Ya tatu: 9mm yenye nyundo ya nje

Hapa naizungumzia CZ 75, iliyotoka Czechoslovakia mwaka 1975, na zilizoigwa kutoka kwake. Ni ya chuma kitupu, nzito, tulivu mkononi. Tatizo ni kwamba mvuto wa kwanza ni mzito na unaofuata ni mwepesi, na nyingine zina kizuizi cha kufyatua kinachosukumwa kwa kidole gumba. Ni mengi ya kukumbuka kwa mtu aliyeshtuka usingizini.

Ya nne: rivolva fupi ya inchi 2

Watu huipenda kwa sababu inaingia mfukoni. Hiyo ndiyo silaha ninayowakataza wageni kwa nguvu zangu zote. Zipo zenye uzito wa gramu 430 hivi, risasi 5, mtutu mfupi, kishindo kikali, kifyatulio kizito kuliko silaha yenyewe mara kumi. Mikononi mwa aliyezoea ni kifaa cha maana. Mikononi mwa mwenye duka itamkosa aliyekusudiwa hatua 5 mbele, na risasi iliyokosa ina jirani wa kumpata. Kama nguo zako haziwezi kuficha ya inchi 4, basi chukua ya inchi 3, au iache ofisini kwenye sefu.

Ya mwisho: rivolva ya zamani ya urithi

Zipo familia zenye rivolva ya Kiingereza ya enzi ya ukoloni. Tatizo la kwanza ni risasi. Webley na Enfield nyingi za .38 hazili .38 Special, zinakula .38 S&W, ganda fupi na nene zaidi, milimita 20 hivi kwa urefu, wakati la .38 Special ni milimita 29. Majina yanafanana, risasi hazifanani. Yapo pia matundu yaliyochongwa upya ili yapokee risasi ngeni, na hayo ni hatari. Kama ya babu bado ina nyaraka, ipeleke polisi ikakaguliwe na ielezwe hatima yake. Kama haina nyaraka, isalimishe.

Ukipelekewa rivolva iliyotumika, ielekeze kwanza mahali salama, kisha hakikisha ni tupu. Vuta kifyatulio taratibu mpaka nyundo ianguke, usikiachie, na ujaribu kuzungusha silinda kwa kidole: isicheze ila kidogo sana. Rudia kwa kila tundu. Itazame kwenye mwanga, ule mwanya kati ya silinda na mtutu uwe mwembamba kama karatasi. Omba mbao za mpini zifunguliwe, maana chumvi hujificha huko. Muuzaji akikataa kufungua mpini, ondoka.

Nyumbani, usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunyonya unyevu na kuulaza juu ya chuma usiku kucha. Ifunge kwenye kitambaa cha pamba chenye mafuta kidogo ya silaha, na ndani ya sefu uweke vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vibadilishe masika na vuli. Mafuta ya nazi, ambayo wengi huyakimbilia kwa kuwa yapo jikoni, huchacha na kugandamana ndani ya mitambo. Risasi zikae kwenye sefu nyingine, na funguo asizijue mtu wa pili bila sababu.

Jirani yangu hakuuza bastola yake. Alinunua ndoo kubwa, akaijaza mchanga wa ufukweni uliokauka, akaiweka kando ya sefu. Kila akiitoa, mtutu unaelekea ndani ya ndoo kwanza. Magazini inatoka, slaidi inavutwa mara tatu, anachungulia chemba, kisha anaingiza ncha ya kidole kuhakikisha. Yule kijana wa mchele huwa anasimama mlangoni na kuhesabu hatua hizo kwa sauti.