Jenereta la nyumbani: uliza koili kabla hujauliza bei

Malalamiko mnayoniletea ni yaleyale: jenereta linawaka vizuri, linanguruma mtaa mzima, ila umeme hautoki. Limetoka Kariakoo na halijamaliza mwaka. Fundi akilifungua, mara nyingi anakuta AVR (kile kifaa cha kusawazisha volti) imeungua, au koili, yaani waya uliosukwa ndani unaozalisha umeme, imeungua. AVR inabadilishwa maisha yanaendelea. Koili ikiungua, gharama ya kuisuka upya inakufanya utamani kununua jingine.

Habari za wati na kelele kila muuzaji atakuimbia. Asichokuambia ni kwamba majenereta mengi ya bei poa yana koili ya alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Kwa unene uleule, alumini hupitisha umeme kwa asilimia 61 hivi tu ya uwezo wa shaba, kwa hiyo waya unachemka. Halafu friji likianza kuzunguka linavuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake. Vanishi inayofunika waya inaungua kidogo kidogo mpaka siku inapigana shoti.

Nenda na fundi wako, si wa dukani. Afungue kifuniko cha nyuma, akwangue ncha ya waya kwa wembe. Ukiona weupe, aga uondoke. Wakikataa kufungua, hilo nalo ni jibu. Hata kunyanyua kunasaidia, maana shaba ni nzito zaidi ya mara tatu ya alumini.

Namba moja kwangu ni Honda EU22i, na upendeleo wangu sifichi. Inatoa wati 1,800 mfululizo: friji, feni, taa na TV. Pasi na AC sahau. Tangi ni lita 3.6, na kwa robo ya mzigo linakwenda kwa muda wa saa nane hivi, kwa sababu injini inapunguza mbio mzigo ukipungua. Majenereta ya fremu wazi, yale yasiyo na boksi la kuyafunika, hukimbia mizunguko 3,000 kwa dakika hata ukichaji simu moja, na petroli inaishia hapo. Bei yake inauma, ndiyo. Chunguza tu usiuziwe feki lenye stika ya Honda.

Namba mbili: fremu wazi ya kVA 2.5 yenye shaba tupu; Yamaha ukiipata halisi. Vile vidogo vya kuchanganya oili na petroli ni vya taa na simu, basi.

Lolote utakalochukua, tenga hela ya chenji ova (swichi ya kuhamisha nyumba kati ya umeme wa TANESCO na jenereta) na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati. Ule waya wenye plagi pande zote mbili, wa kuchomeka jenereta kwenye soketi ya nyumba, unarudisha umeme kwenye transfoma, nayo inaupandisha mpaka volti 11,000 au 33,000, na fundi wa TANESCO yuko juu ya nguzo akijua laini imezimwa. Jenereta likae nje, mita sita kutoka mlangoni na madirishani. Kibarazani hapana, hata mvua ikinyesha: kaboni monoksaidi haina harufu, inaua watu usingizini.

Na hawa wauzaji! Garanti ya mwaka wanakuandikia kwa mbwembwe, ukirudi unaambiwa koili haimo. Kwenye risiti wamegonga muhuri "mali ikishauzwa hairudishwi". Ukidai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bei mliyokubaliana inapanda palepale, tena anayekupandishia ndiye aliyekuwa anakuita dada yangu. Idai hivyohivyo, na namba ya jenereta iandikwe juu yake.