Kidole gumba cha plastiki cha mazingaombwe: uzoefu wangu baada ya kukitumia jukwaani na mezani

Hiki ni kile kidole cha plastiki laini kinachovaliwa juu ya kidole gumba chako, ndicho kinachomeza leso inayopotelea ngumini na kurudi. Paketi niliyonunua ilikuja na leso moja nyekundu. Kifaa nakipa nyota nne. Leso haistahili hata moja, na nitaeleza kwa nini.

Saizi ndiyo inayowaangusha wengi. Kikiwa kitupu, mdomo wake ufike kwenye kiungo cha kidole gumba au ukipite kidogo, na ukikung'uta mkono kisidondoke. Lakini kisibane. Kikibana, hewa hunaswa ndani, na ukichomoa kidole kinalia "pwo!" Ukumbini penye muziki hakuna atakayesikia, ila mezani watageuka wote. Toboa kitundu kwa sindano upande wa chini, si upande wa ukucha, hewa itatoka (hapo usahau tena mchezo wa kukitilia maji, yatavuja). Mkono wa jasho una tatizo la kinyume: kidole kinateleza na kubaki ngumini bila wewe kutaka. Poda kidogo ndani inatosha.

Rangi sasa. Vingi vinavyouzwa ni vya waridi, ngozi ya Mzungu. Vya kahawia vipo, muulize muuzaji kabla hujalipa. Kukipaka vipodozi au rangi ya viatu ni kujitafutia aibu, kwani rangi inahamia kwenye leso. Hata hivyo, rangi isiyolingana sana hainisumbui kama mng'ao. Plastiki mpya humeremeta chini ya taa kuliko ngozi yoyote. Ipitishe msasa laini sana, kwa wepesi, ukiruka ukucha, kwa sababu ukucha wa kweli nao hung'aa.

Leso iwe ya hariri yenyewe, sentimeta 23 kwa 23. Hariri hushindilika. Ile ya paketi ni poliesta, haikubali kukaa, inatumuka kama maandazi. Usiikunje kwa unadhifu. Anza na pembe moja, shindilia kidogo kidogo, pembe ya mwisho ibaki juu ili vidole viipate haraka. Bakiza nafasi ya kutosha ncha ya kidole chako kuzama. Ukijaza mno, kidole kinasimama juu ya leso na gumba lako linarefuka kama la jini.

Mwendo wenyewe ni mfupi. Kidole bandia kiko mkono wa kulia, leso ndani. Onyesha viganja vyote viwili, ncha ya kidole gumba ikimwelekea mtazamaji machoni, kamwe si ubavu. Kikitazamwa kwa mbele hakina urefu wala mpaka, na rangi yake haina muda wa kuchunguzwa. Funga ngumi ya kushoto, ingiza gumba la kulia kana kwamba unapanua tundu, liache vazi lake humo, kisha vuta leso kwa vidole viwili. Kuipoteza ni kurudi nyuma: sukuma leso kwa vidole vya shahada na vya kati, sukumo la mwisho ulifanye kwa kidole gumba, nacho kitoke kimevaa. Fungua ngumi polepole. Usikitazame kidole. Ukikitazama wewe, watakitazama na wao.

Kwa sherehe, panga kila kitu kiishe ndani ya kipande kimoja cha ala, wakati bendi inapiga kopi ya wimbo ambao ukumbi mzima unaujua. Macho yanakuwa nusu kwako, nusu kwa bendi. Adui ni mpiga video aliyesimama ubavuni, na simu za meza za pembeni: picha ikisimamishwa, mpaka wa plastiki unaonekana wazi.

Wapo wanaokinunua kwa sababu wana haya, wanatafuta pa kuanzia maongezi na wanayempenda. Nawaambia mapema: meza ya watu wawili ndiyo mahali pagumu kuliko jukwaa. Yuko umbali wa mkono, mikono yako inatetemeka, na leso ikishapotea jambo la kwanza atakalofanya ni kukushika mkono aukague. Yaani dakika uliyoisubiri imefika, na wewe umevaa plastiki. Kwa hiyo jizoeze kukitupa kabla ya kujizoeza leso. Weka kalamu au simu mfukoni upande wa kulia. Leso ikishayeyuka, ingiza mkono mfukoni kutoa kalamu, kidole bandia kikibane kwa kidole cha shahada kibaki humo, utoke na kalamu. Mfuko uwe wa suruali pana au koti. Jinzi ya kubana hung'ang'ania, na kidole hutoka nawe tena.