Uzoefu wangu: kipoza joto cha kompyuta, Thermalright Peerless Assassin 120 SE, kwenye joto la Moshi

Jamani kama uko Moshi na kazi yako ni ya video, ile feni inayokuja kwenye boksi la prosesa (ubongo wa kompyuta) itakutesa, sio kwamba mbovu, ni ndogo tu kwa joto letu. Mimi natumia Ryzen 5 3600, kwenye makaratasi ni ya wati 65, lakini nikiwa narenda video ya harusi (yani kompyuta inatengeneza faili la mwisho) mchana wa Februari ilikua inagonga nyuzi 90 kwenda juu, na hii prosesa ikifika 95 inajipunguzia spidi yenyewe isiungue. Na kelele sasa aisee, mteja kakaa pembeni anataka kumsikia MC wake afu feni inalia kama mashine ya kusaga.

Nikaagiza hii Peerless Assassin ikaja na basi kutoka Dar. Dude ni kubwa, minara miwili ya bati, mabomba sita ya kupitishia joto na feni mbili za sentimita 12. Kimo chake milimita 155 kwahiyo kabla hujatuma hela pima kesi yako (boksi la kompyuta) kuanzia juu ya prosesa mpaka mlango wa pembeni, zile kesi nyembamba za ofisini sahau. Ramu zako (vile vibao vya kumbukumbu) zikiwa ndefu feni ya mbele unaipandisha juu kidogo, ila hapo na kimo kinaongezeka.

Mtihani ni kutoa dude la zamani. Pesti (ule uji unaopakwa juu ya prosesa kupitisha joto) inakua imeshakauka, ukivuta kwa pupa prosesa inang'oka nalo kwenye soketi na pini zikipinda umeumia, kwahiyo washa mashine ipate moto, zima, chomoa umeme, legeza skrubu afu zungusha kushoto kulia taratibu mpaka liachie lenyewe. Skrubu nne zikitoka, ile sahani ya chuma nyuma ya madabodi (bodi kuu) inadondoka, mwambie mtu aishikilie na usije ukaitupa mana hili jipya linafungwa kwenye hiyohiyo. Feni ya katikati iweke mwisho, ukiiwahisha bisibisi haifikii skrubu.

Sasa hivi nikirenda inacheza kwenye nyuzi 70 hivi, mchana uleule, na kelele ni ya kusikia ukiinama. Spidi imeongezeka kidogo tu kwenye kazi ndefu, usitegemee gemu kukimbia mara mbili. Watu wa Arusha namba zenu zitakua chini zaidi mana feni haiwezi kupoza kushinda hewa ya chumbani, nyie hata ile ya boksi mnaweza mkavumiliana nayo. Vumbi la kiangazi linajaa kati ya bati, pulizia, ila shikilia feni kwa kidole isizunguke hovyo.

Kama wewe ni wa kutaipu barua na kuangalia muvi, hela hiyo kaongezee SSD (diski ya kasi).