Jicho la mbwa au paka: dawa ya matone au ya kupaka?
Hapa Uyole, Mbeya, swali hili haliishi. Ya kupaka hukaa jichoni muda mrefu zaidi, hivyo humfaa mfugaji anayeshinda shambani. Ila jicho lililotoboka usilipake kabisa. Matone hayamtii mnyama ukungu, lakini machozi huyaondoa upesi, inabidi urudie mara nyingi. Mbwa wengi ukiwashika kidevu hutulia. Paka mfunge kwenye kitenge, kichwa tu kibaki nje.

Ugonjwa wenyewe ndio unaoamua. Paka anayepiga chafya huku jicho likichuruzika mara nyingi ana virusi vya hepesi, ambavyo hubaki mwilini maisha yote. Mbwa mwenye ute mzito unaonata huenda machozi yamemkauka. Tafadhali, dawa yenye steroidi (kemikali ya kutuliza uvimbe) usiitie kabla daktari wa mifugo hajaangalia kama kuna kidonda: inaweza kumpofusha.