Kuiuzia taasisi ya serikali: nyota tano kwa stoo, nyota moja kwa uhasibu

Nauza wino wa printa, mwaka wa tisa huu. Wateja wangu wengi ni ofisi ndogo ambazo hulipa mzigo ukiwa bado mlangoni. Taasisi ninayoizungumzia ndiyo mteja mkubwa kuliko wote niliowahi kupata, na naitathmini kama mzabuni, maana nasi tunahudumiwa: mzigo wetu hupokelewa, hukaguliwa, kisha tunalipwa. Au hatulipwi.

Oda ilikuwa katriji 200 za aina moja, namba yake ikiishia na herufi A. Nilipeleka zote siku moja. Kamati ya mapokezi ilinifurahisha kweli. Walihesabu boksi kwa boksi, wakatazama tarehe, wakachomeka chache kwenye printa, wakasaini hati ya makabidhiano. Sijawahi kukaguliwa vizuri namna ile, na nilitoka pale nikiwa na imani.

Wiki ya tatu mtunza stoo alinipigia. "Dada, kuna katriji printa zinazikataa, zinaandika hazitambuliki." Zilikuwa 46, zote za toleo moja la kiwandani. Kosa lilikuwa la upande wangu; muuzaji wangu wa jumla alinipa toleo bovu nami nikalipeleka bila kulijua. Siku ya nne nilikuwa stoo kwao na mbadala, gharama zote zangu. Ila za A zilikuwa zimeisha kwa muuzaji wa jumla, nikapeleka za X. Zinaingia kwenye printa ileile, zina wino mwingi zaidi, na niliwapa kwa bei ya zile za A. Fundi wao wa kompyuta alizijaribu mbele yangu, mtunza stoo akasaini, nikapakia zile mbovu 46 nikaondoka.

Hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe. Niliondoka na mzigo bila hati ya kurudisha bidhaa. Mtunza stoo hakuandika taarifa ya kuzikataa, alitumia simu tu, na mimi sikuidai. Kwa hiyo kwenye karatasi nilikuwa nimeleta katriji 246 kwa oda ya 200, na 46 kati ya hizo zilikuwa zimetoweka stoo bila maelezo. Mkaguzi wa ndani alipouliza zilikokwenda alikuwa na haki ya kuuliza, na simlaumu. Fedha za umma zinalindwa na maswali kama hayo.

Ninachokilaumu ni ofisi ya uhasibu. Ankara yangu ilikaa kwao wiki tano ndipo ikarudi na neno moja la kalamu nyekundu: "Irekebishwe." Irekebishwe nini? Nilikwenda. Mhasibu akasema oda inataja A na mimi nimeleta X, niende manunuzi. Manunuzi wakasema oda hubadilishwa kabla ya mzigo kupokelewa, na huu umeshapokelewa, nirudi stoo waandike maelezo. Stoo wakaandika siku hiyohiyo, barua safi yenye namba za toleo na saini ya fundi. Uhasibu wakasema barua ya stoo haibadilishi oda. Mzunguko huo nimeuzunguka mara sita, na kila mara nilikuwa nafunga duka.

Na wakati wote huo hakuna aliyebisha juu ya zile 154. Ni za A, ziliagizwa, zilikaguliwa, zinatumika. Niliomba zilipwe hizo, tubaki tukibishania 46. Jibu likawa ankara moja, malipo mamoja. Jibu hilo ndilo lililoniumiza kuliko mengine yote, kwa sababu muuzaji wangu wa jumla alinidai fedha za 200, si za 46.

Na si kwamba jambo hili halina dawa. Sheria ya malipo ya serikali kuu ya Marekani inaipa ofisi siku 7 kumrudishia mzabuni ankara yenye kasoro, tena ikimwambia kasoro ni ipi. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2011, unazitaka ofisi za umma zilipe ndani ya siku 30 kwa kawaida, na zikichelewa riba inaanza kuhesabika bila mzabuni kupiga magoti. Mkataba wangu ulisema "baada ya kupokelewa na kukubaliwa", basi. Kupokelewa lini, kukubaliwa na nani, haukusema, na nilisaini hivyohivyo.

Mambo yalisogea nilipoacha kuongea nikaanza kuandika. Niliifuta ankara ya kwanza, nikaleta mbili: moja ya 154, nyingine ya 46, kila moja na hati zake. Muuzaji wa jumla akanipa barua kuthibitisha kwamba zile mbovu zilimfikia, pamoja na namba zake za toleo. Nakala nilimpelekea mkuu wa taasisi, nikagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye yangu. Kama unawauzia, usiondoke na barua isiyo na muhuri huo; bila huo hukufika.

Za 154 zimelipwa mwezi wa saba, bila riba. Za 46 zinangoja oda irekebishwe, na manunuzi sasa wamekubali kwamba inawezekana.

Juzi mtunza stoo amenipigia tena. Anasema zile za X zinadumu, angependa nyingine 60. Namheshimu sana, ndiye aliyenihudumia kwa uungwana tangu mwanzo. Nimemwambia nitazileta siku nitakayoishika oda iliyoandikwa X.