TAHADHARI: Tiketi za "kuruka foleni" za Belém, Lisbon, na unachouziwa hasa

Wadau mnaopanga safari ya Lisbon, iwe mnatoka Nairobi na Dar au mnaishi tayari Ulaya na mnataka kutoka wikendi: ziko tovuti zinazouza tiketi za majengo ya kale ya Belém kwa sura ya ofisi ya serikali, na si ofisi ya serikali. Baadhi ni wauzaji halali wanaopiga cha juu kikubwa. Baadhi ni matapeli watupu. Mnunuzi huja kuijua tofauti akiwa mlangoni, pesa imeshakwenda.

Mchezo unaanzia kwenye utafutaji. Andika "tiketi za Jerónimos", yaani ile monasteri kubwa ya Belém, kwa lugha yoyote, na matokeo mawili matatu ya juu mara nyingi ni matangazo ya kulipia. Anwani ya tovuti imebeba jina la monasteri pamoja na neno la tiketi, picha ni safi, nembo imetengenezwa ifanane na ngao ya Ureno. Shuka mpaka chini kabisa ya ukurasa, kwenye yale maandishi madogo ya kijivu. Ukikuta wameandika kwamba wao ni wauzaji huru wasiohusiana na monasteri, umeshajua unashughulika na nani. Ukikuta hakuna jina la kampuni, hakuna anwani ya ofisi wala nambari ya usajili, funga ukurasa.

Ili usiyumbishwe, jua mwenye mali ni nani. Monasteri ya Jerónimos na Mnara wa Belém ni mali ya dola ya Ureno, na msimamizi wake ni shirika la umma liitwalo Museus e Monumentos de Portugal. Ngome ya São Jorge, ile iliyo kilimani juu ya mtaa wa kale wa Alfama, iko chini ya kampuni ya utamaduni ya halmashauri ya jiji. Lifti ya Santa Justa ya mwaka 1902 ni usafiri wa umma wa Carris, kampuni ya usafiri ya jiji, sawa na mabasi na tramu. Hao ni wenyewe watatu tofauti. Tovuti moja inayojiita "ofisi rasmi ya tiketi" ya vyote hivyo inadanganya kabla hujafika kwenye bei. Kinachokaribia hapo na ni halali ni kadi ya watalii ya Lisboa Card ya saa 24, 48 au 72, ambayo huuzwa na Turismo de Lisboa, shirika la utalii la jiji.

Kuna jaribio la dakika moja ambalo matapeli wengi hulifeli. Fungua kalenda ya tovuti unayoitilia shaka, chagua Jerónimos, kisha chagua Jumatatu. Monasteri haifunguliwi Jumatatu. Haifunguliwi pia tarehe 1 Januari, Jumapili ya Pasaka, 1 Mei, 13 Juni ambayo ni sikukuu ya Mtakatifu Antonio, na 25 Desemba. Tovuti inayokubali kukuuzia saa 4 asubuhi ya Jumatatu haijaunganishwa na mfumo wowote wa tiketi. Inachukua pesa kwanza, halafu ndiyo inaanza kukutafutia nafasi, au haianzi kabisa. Jaribio hili halifai kwa Ngome ya São Jorge, kwa sababu yenyewe hufunguliwa hata Jumatatu.

Mnara wa Belém nao ni mtego wa aina yake. Ulifungwa Aprili 2025 kwa ukarabati uliopangwa kuchukua takriban mwaka mzima. Kufungwa huko hakukuwatoa wauzaji njiani: walibadilisha maneno tu. Soma kwa makini kinachouzwa. "Ziara ya Mnara wa Belém" si lazima iwe kuingia ndani ya mnara. Inaweza kuwa ni kusimama ukingoni mwa mto Tagus na kuutazama kwa nje, jambo ambalo ni bure kwa kila mtu saa 24. Kabla ya kulipa senti moja, angalia kwenye tovuti ya msimamizi kama mlango uko wazi kwa tarehe yako. Usiangalie kwa muuzaji.

Habari ni hiyo hiyo kwa vile vibehewa vya kupanda vilima. Tarehe 3 Septemba 2025 kibehewa cha Glória kiliacha reli na watu 16 wakafariki, na vibehewa vingine vya jijini vikasimamishwa ili vikaguliwe. Yeyote anayekuuzia kifurushi cha "vilima vyote" aonyeshe kwanza ni vipi vinafanya kazi siku hiyo. Na hata vinapofanya kazi, nauli yake imo ndani ya tiketi ya siku ya Carris na Metro, ile inayopakiwa kwenye kadi ya navegante. Kadi yenyewe tupu ni senti 50 za yuro kwenye mashine ya kituo chochote cha metro. Tiketi ya kuruka foleni ya Santa Justa ni hewa: ile ni lifti, na foleni ni ya kuingia ndani ya lifti. Wanaotaka mandhari tu hupita Largo do Carmo, kando ya magofu ya kanisa lililobomolewa na tetemeko la 1755, na kulifikia daraja la juu kwa miguu.

Sasa turudi kwenye neno "kuruka foleni", maana ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Jerónimos ina foleni zaidi ya moja. Kuna ya kununua tiketi, kuna ya kuingia kwenye ua wa ndani ukiwa na tiketi, na kuna ya kanisa. Tiketi yoyote ya mtandaoni, hata ya bei ya kawaida kutoka kwa mwenyewe, inakuondolea ile ya kwanza peke yake. Hakuna muuzaji wa nje anayeweza kukupitisha mbele ya wenzako kwenye ya pili. Anachokifanya ni kuchukua tiketi ya kawaida, kuibandika faili la sauti la kusikiliza kwenye simu, na kuiita ya kipekee. Bei inaruka, wewe bado unasimama juani.

Mbaya zaidi ni pale unapopewa vocha badala ya tiketi. Tiketi halisi ina msimbo unaosomwa na mashine ya mlangoni, ina tarehe, na ina muda wa kuingia. Vocha ina nambari ya oda na maelekezo ya kukutana na mtu mwenye mwavuli wa rangi fulani bustanini. Huyo mtu akichelewa, muda wako ukapita, mlinzi wa mlangoni hana la kukusaidia na hatakuwa na kosa. Wengine hutuma PDF moja kwa wanunuzi kadhaa: wa kwanza kuskani anaingia, waliobaki wanaambiwa tiketi imeshatumika. Kama umeshanunua, fungua faili hilo siku ile ile, usingoje siku ya safari. Likiwa halina muda wa kuingia, anza kudai mara moja.

Na kwa wale wa Mombasa, Malindi na Lamu wanaokwenda hasa kuliona kaburi la Vasco da Gama, yule aliyeondoka hapo Belém Julai 1497 na kutia nanga Malindi Aprili 1498: kaburi limo ndani ya kanisa la Santa Maria de Belém, sehemu ya mbele ukiingia tu. Kwa kawaida kanisa halihitaji tiketi ya ua wa ndani. Lina foleni yake peke yake, na wakati wa misa watalii husubiri nje. Anayekuuzia "tiketi ya kaburi" anakuuzia hewa. Kwa maoni yangu, chenye uzito zaidi kwetu hakipo hata Belém: ni chombo cha dhahabu cha kanisani kiitwacho Custódia de Belém, kilichokamilika 1506 kwa dhahabu ya kodi aliyotozwa mtawala wa Kilwa. Kiko Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes, na vifurushi vingi vya "safari za uvumbuzi" hupita mbali nacho. Hilo pia ni jumba la dola, kwa hiyo tiketi na taarifa za kumbi zilizo wazi hutoka kwa msimamizi yule yule.

Mtaani kuna papasi, wale madalali wanaowavizia watalii, kama Forodhani kule Zanzibar. Watakukuta kwenye foleni wakiwa na kitambulisho shingoni na karatasi iliyolaminishwa. Kauli zao ni mbili: "leo pamefungwa" au "foleni itachukua saa tatu nzima, panda tuktuk nikuzungushe." Bei atakayotaja aghalabu haisemi ni ya mtu mmoja au ya chombo, wala ni ya saa nzima au nusu. Muulize yote mawili, aandike kiasi kwenye simu yako, na mkubaliane mnashukia wapi, maana tangu 2025 halmashauri imezuia tuktuk kwenye mitaa mingi ya jiji na unaweza kuteremshwa mbali na ulikolipia.

Njiani kuelekea Belém, tramu ya 15E ina wezi wa mifukoni, na 28E inayotoka Martim Moniz ina wengi zaidi. Wanafanya kazi mlangoni: mmoja anasita kupanda mbele yako, mwingine anakusukuma kwa nyuma, wa tatu ndiye mwenye mkono. Treni ya kutoka Cais do Sodré hadi kituo cha Belém ni dakika chache na ina nafasi.

Wanaonong'ona "hashish" (bangi) pale mtaa wa Rua Augusta wanauza majani ya louro, yale ya kutia kwenye mchuzi, yaliyogandamizwa. Polisi hawana sheria ya kumkamata mtu kwa majani ya mchuzi. Pita.

Ukishapigwa na tovuti, fanya hivi. Piga picha za skrini za ukurasa wa mauzo, risiti na vocha kabla hawajabadilisha maneno. Waandikie barua pepe moja fupi ukidai pesa yako na uwape siku mbili. Watakujibu kwamba tiketi hairudishwi, na hapo wana pa kujificha: ile haki ya Umoja wa Ulaya ya kughairi manunuzi ya mtandaoni ndani ya siku 14 haihusu huduma za burudani zenye tarehe maalumu. Kwa hiyo usidai kughairi. Dai kwamba ulichouziwa hakikutolewa, au si kile kilichotangazwa. Maneno hayo hayo mpelekee benki yako uombe malipo yapingwe. Uliyelipa kwa kadi ya Visa ya kwenye simu, nenda kwa mtoa huduma wako. Usikubali "vocha ya safari ijayo", maana ukiipokea madai yako yanakuwa dhaifu.

Kama aliyekupiga ana kibanda, duka au mgahawa Ureno, omba Livro de Reclamações, kitabu cha malalamiko. Kila biashara inayohudumia umma inatakiwa kuwa nacho, na lipo toleo la mtandaoni. Mara nyingi kukitaja tu kunatosha bili ikashuka, hasa ile ya mikate na zeituni zilizowekwa mezani bila kuagizwa: kwa sheria ya Ureno hulipii usichokiomba, mradi hujakigusa. Kwa wizi, kituo cha polisi wa watalii kiko Palácio Foz, uwanja wa Restauradores, na nambari ya dharura ni 112. Chukua nakala ya taarifa yenye muhuri. Bima na ubalozi wataidai kabla hawajafungua faili lako.